Nimeacha nyama na samaki, sasa nachoka. Nile nini?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 29, naishi Morogoro, nimeolewa na bado sina mtoto. Mimi ni Msabato, na tangu mwaka jana nimeacha nyama na samaki. Mayai nakula kwa nadra, maziwa ni yale ya kwenye chai tu. Asubuhi nakunywa chai na chapati mbili. Mchana ni wali maharage kwa mama lishe karibu na ofisi, halafu lazima nipate chai ya rangi, la sivyo usingizi unanishinda. Usiku ni ugali na mchicha au matembele, siku nyingine chipsi. Miezi ya karibuni nachoka mno, nikipanda ngazi moyo unakwenda mbio, na nywele zinakatika. Mama mkwe anasema nirudie nyama, la sivyo sitashika mimba. Rafiki yangu ananishawishi ninunue unga wa mlonge na vidonge vya spirulina. Je, mtu anaweza kuacha nyama akabaki na afya? Nile nini na kwa kiasi gani? Tena mume wangu ameshachoka na maharage.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu.

Kabla ya chakula, nenda kapime. Uchovu, moyo kwenda mbio kwenye ngazi na nywele kukatika ni dalili zinazofanana na za upungufu wa damu, lakini tezi ya shingo ikipungua nguvu huleta uchovu na nywele kukatika pia, na hedhi nzito au minyoo huweza kukumaliza damu hata ukila vizuri. Omba kipimo cha picha kamili ya damu. Kwa mwanamke asiye mjamzito, himoglobini, yaani wingi wa damu, chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu wa damu. Usiishie hapo. Mwombe daktari akusomee pia ukubwa wa chembe nyekundu: zikiwa ndogo kuliko kawaida, tunashuku madini chuma, zikiwa kubwa, tunashuku vitamini B12 au foleti, vitamini nyingine ya kundi B. Ukipungukiwa na vyote viwili kwa pamoja, ukubwa unaweza kuonekana wa kawaida kabisa, ndiyo maana mtu asiyekula nyama anapaswa kumwambia daktari hivyo mapema. Kama hospitali yako ina kipimo cha feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, na cha B12, vifanye.

Kuhusu mama mkwe: ana haki ya kuwa na wasiwasi, ila nyama siyo inayoshika mimba. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 uliwakuta wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania wana upungufu wa damu, na walio wengi hawajaapa kutokula nyama. Pita mtaa wa Kisutu, Dar es Salaam, utakuta familia za Kihindu ambazo hazijagusa nyama vizazi na vizazi, na wajukuu wapo. Lakini angalia wanachokula: adesi, dengu, choroko, mtindi, maziwa, mboga za aina aina, kila siku. Hawakuondoa nyama wakaacha pengo.

Na hilo ndilo ninaloliona kwako. Nimesoma orodha ya milo yako nikitafuta kitu kimoja tu: kilichoingia mahali pa nyama. Sijakiona. Nyama na samaki vilikuwa vinakupa protini, madini chuma, zinki na vitamini B12. Vilipoondoka, nafasi yao ilichukuliwa na chapati, wali, ugali na chipsi, yaani wanga juu ya wanga. Tumbo linashiba, ndiyo maana hukushtuka mapema.

Utaniambia maharage yapo. Yapo, lakini tuiangalie ile sahani ya mama lishe. Wali umejaa hadi ukingoni. Pembeni kuna upawa mmoja wa maharage, na nusu ya upawa ni mchuzi. Ukiyatoa maharage yenyewe ukayaweka kwenye kikombe, huenda yasifike robo. Juu kuna vijani viwili vitatu vya mchicha na kipande cha tikiti. Hicho kiasi cha maharage kilitosha ulipokuwa unaweka samaki pembeni. Sasa hakitoshi. Mwambie akupunguzie wali, akuwekee maharage pawa mbili zilizokamuliwa mchuzi, na mboga za majani za kuonekana. Ataongeza bei kidogo. Lipa.

Kiasi gani basi? Sijui uzito wako, tuchukue kilo 60. Mtu mzima anahitaji protini kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya mwili, kwa hiyo gramu 48 kwa siku; kwa kuwa protini ya mimea inasagika tumboni kwa shida kidogo, mimi hupenda kuwaambia wasiokula nyama walenge 55 hadi 60. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi. Nusu kikombe cha choroko usiku, 7. Karanga za kujaa kiganja, 7. Vikombe viwili vya maziwa au mtindi, 16. Nafaka za siku nzima, ambazo watu husahau kuzihesabu, zinaongeza 15 hadi 20. Umevuka 55 bila kununua unga wowote wa kopo.

Protini hujengwa kwa vijenzi vidogo, na ya mahindi na mchele ina upungufu wa kimoja kiitwacho lisini, ambacho kunde zinacho kwa wingi. Kunde nazo zimepungukiwa na kijenzi kingine, methionini, ambacho nafaka inacho. Makande ni chakula kamili kwa maana hiyo, na waliokibuni hawakuhitaji maabara. Zamani wataalamu walisisitiza viwili hivyo viliwe kwenye mlo mmoja. Siyo lazima. Vikipatikana ndani ya siku moja, mwili utavipanga wenyewe.

Sasa tuje kwenye madini chuma, ambako nadhani ndiko ulikoumia zaidi. Mwanamke wa umri wako anahitaji miligramu 18 kwa siku kwa viwango vya Marekani, na kwa asiyekula nyama viwango hivyohivyo vinazidisha mara 1.8, kwa sababu chuma cha mimea hufyonzwa kwa shida. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina miligramu 4 hivi. Ukizisaka namba hizo kwa kula tu utachanganyikiwa, hivyo usizisake. Shughulika na ufyonzwaji: chuma kilekile cha kwenye maharage kinaweza kuingia mwilini kwa wingi au kikapita kikatoka, kutegemea umekila na nini.

Na wewe unakila na chai. Ile chai ya rangi baada ya wali maharage ina tanini, ambazo hukamata chuma tumboni kabla hakijafyonzwa. Kikombe kimoja pamoja na mlo kinaweza kupunguza chuma unachopata kwa zaidi ya nusu. Kahawa nayo hufanya hivyo, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Sikuambii uache chai. Najua nazungumza na nani. Isogeze. Kunywa saa kumi jioni, au walau saa nzima baada ya kula. Mahali pa chai ya mchana weka chungwa, pera, au glasi ya juisi ya ubuyu isiyojazwa sukari. Vitamini C hufanya kinyume cha tanini: hukifanya chuma cha mimea kifyonzeke, ila lazima viwe tumboni kwa wakati mmoja. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, na msimu wake linauzwa kwa bei ya kutupa. Nyumbani kamulia ndimu kwenye maharage ukishaepua, au kula na kachumbari yenye pilipili hoho na ndimu. Mabadiliko haya mawili, chai kusogea na tunda kusogea, hayakugharimu shilingi, na kama ungeniambia nitoe ushauri mmoja tu kwako ningetoa huo.

Kinachobana chuma na zinki kwenye nafaka na kunde zenyewe kinaitwa faiteti. Dawa yake bibi zetu waliijua: kuloweka, kuotesha, kuchachusha. Togwa inayotengenezwa kwa kimea cha ulezi imepitia kuotesha na kuchachuka, na ni bora sana kuliko chai na chapati asubuhi. Ukitaka kuotesha choroko nyumbani, zioshe, ziloweke usiku kucha, zimwage maji, zifunike kwa kitambaa kibichi na uzisuuze asubuhi na jioni. Siku ya pili utaona mikia myeupe. Zipike, usizile mbichi, hasa kama unatafuta mimba, kwa kuwa unyevu uleule unaootesha choroko hukuza bakteria.

Maharage nayo yana mapishi yake. Loweka usiku, mwaga maji yale, weka mengine. Yachemke kwa nguvu dakika 10 za mwanzo, kwa sababu maharage mekundu yasiyoiva yana sumu inayotapisha na kuharisha, kisha punguza moto hadi yalainike. Nyanya na ndimu zije mwishoni. Uchachu ukiingia mapema maharage yanakuwa magumu yakakumalizia mkaa. Na magadi, tafadhali, acha. Najua yanaivisha haraka, na mkaa una bei, lakini yanaharibu vitamini B1 na nyinginezo za kundi hilo. Kuloweka kunapunguza muda wa jikoni bila hasara hiyo. Pika chungu kikubwa Jumapili, gawa kwenye vikopo, weka kwenye friza, mradi wa wiki umekwisha. Gesi tumboni itapungua ukiongeza kiasi taratibu badala ya kuruka kutoka upawa mmoja hadi mitatu kwa siku moja.

Mboga za majani, kinyume chake, zipikwe kwa muda mfupi. Mchicha uliochemshwa, ukakamuliwa na maji yake yakamwagwa, umeacha foleti na vitamini C kwenye sinki. Kaanga kitunguu na nyanya, tia mboga, geuza, epua. Mafuta kidogo au karanga za kusaga zinasaidia vitamini A kufyonzwa. Kisamvu pekee ndicho hakina haraka: kitwangwe vizuri na kichemke sana, kwa sababu majani ya muhogo yana sianidi.

Mume wako namwelewa. Lakini jamii ya kunde siyo maharage peke yake. Pwani watu huamka na mbaazi za nazi na mahamri, na hakuna anayelalamika amenyimwa nyama. Kuna choroko za nazi, kunde, dengu, adesi zinazoiva kwa nusu saa bila kulowekwa, njegere, njugumawe, fiwi. Kuna majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Zile nyama za soya za pakiti zina protini nyingi, zinafaa mara mojamoja, ila nyingine zimejaa chumvi, soma pakiti. Wala yeye halazimiki kuacha nyama kwa sababu yako: pika chungu kimoja cha mboga, nyama yake iwe kwenye sufuria ndogo pembeni. Nimeona ndoa zinaingia kwenye mzozo kwa jambo la sufuria moja ya ziada.

Sasa vitamini B12, na hapa siwezi kuwa mpole. Lile bango la makundi matano ya vyakula lililokuwa likibandikwa kliniki liliweka vyakula vya jamii ya kunde na vyenye asili ya wanyama kwenye kundi moja. Watu wakalisoma kama chagua hiki au kile. Kwa protini ni sawa. Kwa B12 siyo sawa hata kidogo, kwa maana haipatikani kwenye maharage, wala mchicha, wala karanga, wala uyoga wa kutegemewa. Iko kwenye nyama, samaki, maziwa na mayai. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 2.4 tu kwa siku, na ini huweka akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu hujificha. Ukija huja na upungufu wa damu, ganzi na kuchomachoma miguuni, usahaulifu. Mishipa ya fahamu ikiumia muda mrefu, mingine hairudi.

Wewe hujakataa maziwa na mayai, umevisahau tu. Kikombe cha maziwa kina B12 kama mikrogramu 1.1, kwa hiyo viwili kwa siku vinakufikisha karibu kabisa na 2.4, na yai moja linaongeza nusu hivi. Maziwa ya kwenye chai ya ofisini usiyahesabu. Pale kuna maji yaliyotiwa rangi nyeupe. Kunywa mtindi saa nne asubuhi au maziwa kabla ya kulala, mbali kidogo na mlo wako mkubwa wa maharage, kwani kalisi nyingi nayo hushindana na chuma. Kula mayai manne au matano kwa wiki. Chipsi mayai ina yai ndani yake, sikatai, lakini usiifanye njia yako ya kupata yai.

Siku ukiamua kuacha na maziwa na mayai, B12 ya vidonge siyo hiari tena: angalau mikrogramu 10 kila siku, au 2,000 mara moja kwa wiki. Tofauti hiyo kubwa inatokana na tumbo lenyewe, ambalo kwa dozi moja hupokea kiasi kidogo tu na kuachia kingine chote kipite. Soma lebo duka la dawa, kwa sababu vipo vidonge vya vitamini B vya bei rahisi vyenye B1, B2 na B3 bila B12 hata chembe. Unga wa ngano na mahindi wa viwanda vikubwa hapa nchini hutakiwa kuongezwa virutubishi, B12 ikiwemo, na hiyo ni nyongeza nzuri. Usiitegemee peke yake, hasa kama unga wako unasagwa kwenye mashine ya mtaani. Dona ya mashine ya mtaani bado naipenda kuliko sembe, kwa sababu kiini na pumba vimebaki.

Spirulina ya rafiki yako: ina kitu kinachofanana na B12 ambacho mwili wa binadamu hauwezi kukitumia. Okoa pesa. Mlonge ni mboga nzuri, upike kama mboga. Kijiko cha chai cha unga wake kwenye maji hakitabadilisha damu yako. Na kabla hujaniuliza, bitiruti inapaka mkojo rangi tu, chuma chake ni kidogo, haifiki hata miligramu 1 kwa gramu 100.

Mengine nayapitia haraka. Chumvi iwe yenye madini joto, siyo ya mawe isiyo na lebo, maana umeacha samaki wa baharini. Kalisi utaipata kwenye maziwa yaleyale na sukuma wiki. Ya kwenye mchicha imefungwa na tindikali ya mimea, haifyonzwi vizuri. Mbegu za maboga na korosho zina zinki. Viazi lishe vya rangi ya chungwa, karoti, papai na embe vinatosha kwa vitamini A. Jua la Morogoro linakutosha kwa vitamini D kama hushindi ofisini kuanzia asubuhi mpaka jioni. Karanga zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu mdomoni zitupe, usizikaange kuficha ladha, kwani sumukuvu haiishi kwa kukaangwa.

Umeniambia hujapata mtoto, na mama mkwe anasubiri, kwa hiyo naongeza hili. Anza vidonge vya asidi ya foliki, mikrogramu 400 kwa siku, angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba, kwa sababu mgongo wa mtoto hufungwa katika wiki za mwanzo kabisa, wakati wengi hawajajua kama ni wajawazito. Kliniki watakupa FEFO, ambazo ni chuma na asidi ya foliki. Meza na maji au juisi ya chungwa, siyo na chai. FEFO haina B12. Hatari iliyopo ni kwamba asidi ya foliki huweza kuifanya damu ionekane nzuri kwenye kipimo huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kwa kukosa B12, basi usianze miezi ya foliki bila kuwa na uhakika na maziwa, mayai au kidonge chako. Ukiwa mjamzito au ukinyonyesha nisingependa uache maziwa na mayai. Mtoto naye ni habari nyingine: mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2023 unataka mtoto wa miezi 6 hadi 23 apate nyama, samaki au mayai kila siku, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na mahitaji yake ni makubwa. Imani yako naiheshimu, lakini yai la kila siku kwa mtoto wa umri huo ni jambo la kukaa na mume wako mkalizungumza mapema.

Kipimo kikionyesha damu imepungua, chakula peke yake hakitakurudisha upesi. Utapewa vidonge vya chuma. Vikifanya kazi, himoglobini hupanda gramu 1 hadi 2 kwa desilita ndani ya wiki 4 hivi, nawe utaanza kuziona ngazi ni fupi. Usiviache hapo. Endelea kama miezi mitatu baada ya damu kurudi kawaida, ili akiba ijae. Nywele zitachelewa, ni za mwisho kuhudumiwa. Lakini kama wiki 4 zimepita, umemeza vidonge sawasawa, chai umeisogeza, na namba haijasogea, usiongeze upawa mwingine wa maharage. Rudi kwa daktari, mweleze hedhi yako inachukua siku ngapi na pedi ngapi, akupime minyoo na vidonda vya tumbo, maana hapo kuna mahali damu inavuja au chuma hakiingii.